Andika Tarehe Kwenye Dumu la Mafuta

Mara yangu ya kwanza kupungua, nilipungua kilo 7 kwa siku 21. Pale ofisini ilikuwa inazunguka karatasi moja, imetolewa nakala ya nakala mpaka herufi zimefifia, yenye masharti kama ya mganga: ugali hapana, wali hapana, chapati usiitazame. Asubuhi maji ya moto yenye ndimu, mchana tango na yai la kuchemsha, usiku supu ya kabichi. Juu yake nikauziwa pakiti ya majani ya "kusafisha tumbo", ambayo kazi yake niliielewa vizuri nikiwa kwenye foleni ya magari na choo kiko mbali. Siku ya 22 nikapanda mzani wa duka la dawa, nikashuka nimevimba kichwa. Mkanda ulitaka tundu jipya, nikalitoboa kwa msumari.

Baada ya miezi sita tundu lile halikuwa na kazi tena. Kilo 7 zilirudi zote, na nyingine 2 zikaongezeka juu yake.

Nilijilaumu sana wakati ule. Nilidhani sina msimamo. Leo najua kwamba sehemu ya zile kilo 7 ilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia takriban gramu 3 za maji. Ukiacha wanga ghafla, ghala linaisha na maji yanakwenda zake. Siku unayorudi kwenye ugali, maji nayo yanarudi. Yale majani ya kusafisha tumbo, kama yalivyo mengi ya aina hiyo, yalikuwa na sena, mmea wa kuharisha. Unaharisha, mzani unashuka, mafuta ya tumboni yamekaa palepale.

Hata mafuta yenyewe yakipungua, mwili haukubali kirahisi. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia washiriki 14 wa shindano la televisheni la Marekani, The Biggest Loser, ambamo watu wanene walishindana kupungua kwa mazoezi makali na chakula kidogo. Miaka sita baada ya shindano, wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito wao, na miili yao ilikuwa inachoma karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Mwili ulikuwa bado umebana matumizi, kama mama wa nyumbani aliyewahi kukosa unga na tangu siku hiyo haamini kwamba kesho utakuwepo.

Na njaa je? Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, mwanasayansi Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, wakala karibu nusu ya kawaida yao kwa miezi sita. Hawa walikuwa watu wenye afya na wenye moyo. Muda si muda wakawa hawazungumzi ila chakula, wanaota chakula, wengine wanasoma vitabu vya mapishi. Kwa hiyo wewe uliyekuwa kwenye dayati ya supu ya kabichi na ukajikuta saa tano usiku unakwangua ukoko wa wali, usijitukane. Ndivyo mwili unavyofanya ukinyimwa.

Kutokana na hayo nina swali moja tu ninalomuuliza mtu akiniletea dayati mpya: mlo huu utaula mwaka wa kumi? Msiba ukitokea, mgeni akifika, mshahara ukichelewa, utaendelea kuula? Kama jibu ni hapana, basi uzito utakaopungua umeukopa, na utarudishwa pamoja na riba.

Habari njema ni kwamba si lazima upungue sana. Huko Marekani ulifanyika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari, matokeo yake yakatoka mwaka 2002. Washiriki zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari waligawanywa makundi. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa jumla ya dakika 150 kwa wiki. Basi. Kundi hilo lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, wakati waliopewa dawa ya metformin walipunguza kwa asilimia 31. Mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo. Hakuna atakayekupiga picha ukarushwa mtandaoni kwa kilo 6, lakini kongosho lako linazijua.

Sasa tuingie jikoni, maana shughuli iko huko.

Mara ya pili sikugusa mlo. Nilichukua kalamu ya wino mzito nikaandika tarehe kwenye dumu la mafuta la lita 5 siku lilipofunguliwa. Nyumbani tuko watano. Dumu likaisha baada ya siku 14. Piga hesabu: mililita 5,000 gawanya kwa watu watano, gawanya kwa siku 14, unapata kama mililita 71 kwa kila mtu kwa siku, yaani takriban kalori 590 za mafuta matupu kila siku ya Mungu. Hapo bado hujahesabu maandazi ya ofisini wala chipsi mayai ya jioni. Mtu mzima wa kazi ya mezani anahitaji kalori 2,000 na ushee kwa siku, kwa hiyo zaidi ya robo ya mahitaji yangu ilikuwa inatoka kwenye dumu, na sikuwahi kuiona kwenye sahani. Mafuta hayajazi tumbo. Yanapita kimyakimya ndani ya mchicha, ambao mtu anaula huku akijisifu kwamba leo amekula mboga za majani.

Tukaamua dumu likae mwezi mzima. Hatukuacha kukaanga. Tulichofanya ni kutomimina tena moja kwa moja kutoka kwenye dumu, kwa sababu mkono hauna kipimo. Kijiko cha chakula kikawekwa kando ya jiko, na kila mafuta yakapita kijikoni kwanza. Kijiko kimoja ni kama kalori 120. Mboga ya watu watano ikawa vijiko viwili. Samaki wakapakwa mafuta na kuokwa kwenye kikaango kilichofunikwa badala ya kuelea. Wali wa nazi ukabaki wa Jumapili, na tui la kwanza, lile zito, likapunguzwa. Dumu likifika siku 30, kila mtu anatumia mililita 33, kama kalori 275. Tofauti ni zaidi ya kalori 300 kwa siku kwa kila mmoja, na hakuna mtu aliyelala na njaa.

Kalori 300 zina uzito gani? Hall, yule yule, na wenzake walitoa kanuni mwaka 2011: kwa mtu mzima mnene, kila kalori 24 anazopunguza kwa siku na kuendelea kuzipunguza huondoa hatimaye kama kilo 1. Nusu ya mabadiliko hutokea ndani ya mwaka mmoja hivi, na karibu yote ndani ya miaka mitatu. Kwa kanuni hiyo kalori 300 ni kilo 12 na zaidi, 6 kati yake mwaka wa kwanza. Hayo ni ya kwenye karatasi. Jikoni si karatasi, na mwili utajitafutia fidia kwenye karanga na vitafunwa. Mimi mwaka wa kwanza nilipungua kilo 4 na nusu, na sikumbuki siku niliyoteseka.

Lakini mwanamume anayesoma hapa asikimbilie kwenda kumwambia mkewe kwamba mafuta yake ni mengi. Nilifanya kosa hilo. Nilijibiwa, "Miaka 18 unakula kwangu, leo ndiyo yamekuwa mengi?" Akanyamaza siku mbili. Ilibidi niingie jikoni mwenyewe, nikakata vitunguu, nikapika matembele kwa vijiko viwili mbele yake, yakaungua kidogo, akacheka, tukaanza upya. Anayetaka kupungua ndiye ashike kijiko. Kama anayepika ni dada wa kazi, mweleze kwa adabu na umwonyeshe. Usimwachie amri ukaondoka.

Baada ya mafuta, sukari. Sisi tunakunywa chai. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni vijiko tisa, kama gramu 40, karibu kalori 160. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikiwezekana isizidi asilimia 5, ambayo ni kama gramu 25. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina kati ya gramu 35 na 40, kwa hiyo ukinywa moja umeshazipita hizo 25. Usiache sukari ya chai kwa siku moja. Utaichukia chai na utairudia kwa hasira. Toa nusu kijiko, kaa wiki mbili, toa nusu nyingine. Ulimi hujifunza. Mimi sasa niko kwenye kijiko kimoja, na chai ya vijiko vitatu naiona kama sharubati. Tangawizi, mchaichai na iliki husaidia, kwa kuwa kikombe chenye harufu hakidai utamu mwingi. Juisi ya embe au ya miwa ya barabarani isikudanganye kwa jina la tunda: kula embe lenyewe. Na bia, kwa wanaotumia, chupa ya nusu lita ni kama kalori 200. Tatu ni mlo kamili ambao haukupikwa na haukushibisha.

Ugali siupigi vita. Babu zetu walikula ugali, na walishika jembe. Tatizo ni sisi tunaopakua sahani ya mkulima kisha tukakaa kwenye kiti mpaka jioni. Pakua mboga kwanza, ijaze nusu ya sahani, halafu maharage, dagaa au samaki, na ugali umalizie nafasi iliyobaki, si kinyume chake. Dona inakaa tumboni muda mrefu kuliko sembe. Maharage yana protini na nyuzinyuzi pamoja, na bei yake inalipika. Kwa wenzetu wa pwani mnaokula sinia moja, ambako nusu ya sahani haionekani, ushauri wangu ni kuanza na kachumbari kwenye kibakuli chako kabla mkono haujaingia kwenye wali, na kula taratibu, maana kwenye sinia anayekula haraka huwavuta wote.

Jambo gumu kuliko mafuta na sukari ni watu. Mwaka ule nilipokwenda Tanga kumsalimia shangazi, kilo 4 na nusu tu zimepungua, alinishika mashavu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, una nini?" Nilijua anauliza nini. Kizazi chake kiliona watu wakikonda miaka ya 1980 na 1990 na kisha kuzikwa. Uganda ugonjwa wenyewe, UKIMWI, waliuita Silimu, kwa sababu ya kukonda. Kwa shangazi, mwili kupungua ni habari mbaya inayokuja, na mwili kujaa ni alhamdulillahi. Mwanamke akipungua, mumewe anasemwa kwamba hamtunzi. Mwanamume akiwa na kitambi, wanasema pesa imekaa. Huwezi kuyafuta hayo kwa somo la afya sebuleni.

Usibishane, watangulie. Nilimwambia shangazi, "Daktari kasema nipunguze mafuta, presha isije ikapanda." Neno la daktari na neno presha anayaheshimu; kuanzia siku hiyo ananipikia samaki wa kuchoma, na anawatangazia majirani kwamba mtoto wake anajitunza. Ukitembelea watu ukaletewa soda, usitoe hotuba ya sukari mbele ya mtu aliyemtuma mtoto dukani kwa ajili yako. Omba maji kwanza, kunywa, kisha sema soda utaondoka nayo. Kwenye harusi kula pilau. Pilau ya harusi haijamnenepesha mtu. Kinachonenepesha ni vitu vya kila siku ambavyo havina kadi ya mwaliko. Na usitangaze kwenye kundi la WhatsApp kwamba umeanza safari ya kupungua, maana utapata pongezi 40 kabla hujafanya lolote, na zitakutosha.

Utafiti wa kitaifa wa afya nchini Tanzania ulikuta mwaka 2004-05 asilimia 18 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Mwaka 2015-16 wakawa asilimia 28. Dada na mama zetu hawakugeuka wavivu kwa pamoja ndani ya miaka kumi. Kilichobadilika ni kazi, usafiri na kinachouzwa kona ya mtaa. Ndiyo maana sipendi mahubiri ya nidhamu.

Mazoezi nitayapitia haraka, kwa sababu watu huyapa kazi isiyo yake. Kutembea saa nzima kunachoma kama kalori 300, na maandazi mawili yanazirudisha. Naziona klabu za jogingi za Jumamosi, fulana zinafanana, nyimbo juu, kisha wote wanaishia kwenye supu ya mbuzi na chapati mbili mbili. Ni furaha, sizipingi, lakini mzani hautasogea. Kazi kubwa ya kutembea ni kulinda kilo zilizokwisha kutoka zisirudi, kushusha presha na kuleta usingizi. Dakika 150 kwa wiki zinatosha kuanzia: shuka daladala vituo viwili kabla ya chako, mara tano kwa wiki. Zile hatua 10,000 zinazotajwa kwenye simu zilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Ni namba nzuri kwa tangazo. Ukifika 6,000 kutoka 2,000 umefanya la maana. Akina mama wanaotoka saa kumi na moja alfajiri watoke wawili watatu; giza letu halina taa.

Kupima: mzani mara moja kwa wiki, siku ile ile, kabla ya chai. Ukipima kila siku utachanganyikiwa, maana uzito hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa maji na chumvi tu. Bora zaidi ni utepe wa fundi cherehani. Kiuno kiwe pungufu ya nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 170 asifike 85. Kanuni hiyo Waingereza waliiingiza kwenye mwongozo wao wa afya mwaka 2022, na inafaa kwa sababu mafuta ya hatari ni yale yanayozunguka ini na utumbo. Mwembamba wa mikono mwenye tumbo la mbele asijidanganye.

Yapo majira ambayo hutapungua. Ramadhani, kinyume na wanavyodhani wengi, huweza kuongeza uzito: mchana umefunga, magharibi kaimati, tambi za sukari, mihogo ya nazi, kisha daku. Desemba kwa wanaokwenda kwao ni hivyo hivyo. Miezi hiyo lengo liwe kutoongezeka, na ukirudi, rudi kwenye kijiko cha mafuta siku ile ile, usisubiri Jumatatu.

Kuna sindano mpya zinazozungumzwa sana. Dawa ya semaglutide, katika utafiti wa mwaka 2021, ilipunguza uzito kwa karibu asilimia 15 katika wiki 68. Si uchawi wala si utapeli. Ni dawa, na kwa baadhi ya watu wenye uzito mkubwa na maradhi inafaa. Lakini walioiacha walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito uliopotea ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo mwenye kuianza ajue anaanza jambo la muda mrefu kama dawa ya presha, na gharama yake vilevile. Inayouzwa na mtu wa Instagram na kuletwa na bodaboda haina mtu wa kumuuliza ikikudhuru.

Yamebaki mawili, nayo ni haya. Ukipungua bila kupanga, hujabadilisha kitu na nguo zinalegea, usishangilie: nenda hospitali ukapimwe kifua kikuu, sukari na VVU, kwa sababu hofu ya shangazi haikutoka hewani. Na wewe unayechoma insulini au kumeza vidonge vya kisukari kama glibenklamidi, sukari yako inaweza kushuka ghafla ukiruka mlo. Usipunguze chakula hata cha siku moja kabla hujazungumza na aliyekuandikia dawa. Mpelekee kwanza mpango wako, pamoja na tarehe ya dumu, naye akupangie dozi upya.